Nailoni ya Kwenye Tanki

Kaka Elia,

Shikamoo yangu ikufikie hapo Kibondo. Nimefika Heru Juu salama kwa ajili ya harusi, ila pikipiki yako uliyoniapia haizimi imenitoa jasho.

Ilikuwa inakwenda vizuri, inazima, ikipumzika inawaka, halafu inazima tena. Kila mara nilifungua plagi, nikaifuta, nikapiga kiki mpaka mguu ukauma. Karibu na njia panda ya Nyarugusu ikagoma kabisa, na mvua ilikuwa inakuja nyuma yangu. Mama mmoja Mkongomani aliyekuwa akichoma mihogo kando ya barabara aliniona na plagi mkononi, akasema, "Acha iyo bujie, dada. Piki yako iko nakosa pumuzi."

Akaja mwenyewe, akaitoa ile nailoni uliyoifunga kwenye kifuniko cha tanki ili maji yasiingie. Alipolegeza kifuniko tukasikia tanki likivuta hewa. Kumbe nailoni iliziba kile kitundu cha hewa, ndiyo maana mafuta hayakushuka. Kiki moja tu, ikawaka. Tukala muhogo wa moto kwa pilipili, tukicheka, mimi na mtu nisiyemjua hata jina.

Sikulaumu sana, kaka. Nakuombea uzima, nawe nisalimie mama. Mwambie mvua ilinikuta mlimani, lakini nywele alizonisuka kutwa nzima zimefika kavu, kwa sababu nailoni yako nilijifunga kichwani.

Mdogo wako,
Neema