Jina la Kisiwa Kisicho na Watu

Edmonton, Jumanne ya pili ya Novemba. Manyunyu tangu asubuhi, na soksi zangu bado zimelowa.

Leo ilikuwa zamu yangu kueleza kisiwa mbele ya darasa. Wenzangu walichagua vyenye fukwe na watalii. Mimi nilichagua Bouvet, kule kusini upande wa Antaktika: volkano iliyofunikwa na barafu karibu yote, na hakuna anayeishi hapo. Baharia Mfaransa aliyekiona kwanza alizuiwa na ukungu. Hakushuka, akadhani ni ncha ya bara, na mahali alipokiandika kwenye ramani hapakuwa penyewe. Waliomfuata wakakitafuta wasikione. Baadaye wengine wakakipa majina mengine, lakini mwishowe kikarudishiwa jina la yule baharia, Bouvet.

Nilisema yote bila kutazama karatasi. Mmoja wa nyuma akasema, "Hamia huko basi, hakuna wa kukusumbua." Wakacheka. Nami nikacheka, kidogo.

Ukweli ni kwamba nilikichagua kwa sababu nakielewa.

Tangu nihamie shule hii Septemba, jina langu hutajwa mara moja tu kwa siku, mwalimu anapoita mahudhurio. Naitika haraka, halafu basi.

Jioni, Mama akiwa bado kazini kwenye nyumba ya wazee, nilimpigia Bibi, Kigoma. Nina jina lake, Riziki, kwa hiyo huniita wajina. Alinipa jina hilo kwa simu siku niliyozaliwa. Mpaka leo hatujawahi kukaa chumba kimoja. Nikamsimulia kisiwa.

"Nani anakaa huko, wajina?"

"Hakuna, Bibi. Pengwini tu, na upepo."

"Sasa hilo jina wanamwitia nani? Pengwini?"

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kama nimepata rafiki shuleni. Nikasema ndiyo.

Nilimdanganya.

Yupo msichana wa darasa letu anayekula peke yake karibu na dirisha la kantini. Leo baada ya kipindi alinisubiri mlangoni, akaniuliza pengwini wanakula nini. Nikamjibu, "Samaki," nikaenda zangu. Hata jina sikumuuliza. Yule baharia alizuiwa na ukungu. Mimi nilizuiwa na nini?

Kesho nitabeba chakula changu mpaka pale dirishani. Nitamwambia naitwa Riziki, kisha nitanyamaza nimsikilize.

Jumapili Bibi atauliza tena, na safari hii nataka niwe na jina la kumtajia.