Daftari la Buluu la Erasmo

Jumatatu, 2 Mei 1994

Nimepewa kazi ya mume wangu Erasmo, ulinzi wa magofu. Filimbi yake, ufunguo wake wa geti. Siku arobaini tangu nyoka amuume akafa. Watu wananipongeza, nasema asante. Sisikii kitu — si uchungu, si furaha.

Ijumaa Daktari Nineth, mtaalamu wa mambo ya kale, anakuja kutoka mji mkuu kuangalia jiwe refu. Anataka mgongo wa jiwe, upande wa nyuma uliofukuliwa Januari na ambao haujapigwa picha bado. Kuna maandishi ya rangi ya wazee wetu, na jina la mwanamke aliyetawala hapa. Mwanamke! Erasmo alinisimulia hilo mpaka chakula kikapoa.

Jumatano, 4 Mei

Jiwe limeota kuvu. Nikaona aibu, mgeni anakuja. Nikafanya kama nyumbani: maji ya chokaa tunayochemshia mahindi, yaliyobaki chunguni, na brashi ya waya. Nikasugua. Akili haipo, mkono tu unakwenda. Nikamwagia maji ya mwisho — lo! Mgongo mweupe, laini, mtupu. Jina limekwenda na maji.

Sikulia. Nikaosha brashi, nikaenda kupika.

Alhamisi, 5 Mei

Nimemwambia Mama Tomasa, mama mkwe wangu, ninayeishi naye. Akashika kichwa, akasema: Mwanangu wewe, jiwe unaligusa hivihivi, bila ubani, bila hata kuliomba ruhusa? Sikuomba. Sijaomba chochote tangu Erasmo aondoke.

Erasmo alichora kila alama ya mgongo ule kwenye daftari la buluu. Najua liko wapi. Nililitia jenezani kwa mkono wangu, na panga lake na kikombe chake, kama tunavyowafanyia watu wetu, asije akarudi kuvitafuta.

Ijumaa, 6 Mei

Daktari amefika. Ameliona jiwe, akakaa chini kwenye majani. Hakunigombeza — afadhali angenitukana! Akasema jina lile halijaandikwa mahali pengine popote. Halafu akakumbuka: Erasmo alimwandikia kwamba amechora yote. Daftari liko wapi?

Mama Tomasa akanitangulia kujibu. “Analo mwenyewe, kaburini.”

Daktari akatazama upande wa makaburi. Kisha akasema polepole: kaburi bado jipya, labda karatasi haijaoza, tungeomba ruhusa kwa heshima zote.

“Heshima gani? Wafalme mmewafukua mkawamaliza, sasa mnamtaka na mwanangu?”

“Basi, mama. Aseme mke wake.”

Wakanigeukia wote wawili. Nikasema naenda kutazama maharage.

Naandika hapa jikoni. Wao wako barazani. Mvua ya kwanza ya msimu imeanza kudondoka, na udongo wa makaburini unakunywa upesi. Karatasi ni karatasi, italoa.

Mama Tomasa ananiita. Nimechukua ubani kwenye kopo. Nimechukua na koleo la kuchimbia. Nimelirudisha. Nimelichukua tena —