Kisanduku cha Kruzi na Mafuta ya Kondoo

Tarehe 3 Machi

Kwa baba yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, mjukuu wako kaota jino la pili, anang'ata hadi ukuta. Mguu wako je? Barua iliyopita umeuruka, nami nimeona.

Baba, nataka kuja kukuchukua kwa vani uliyoniachia, lakini inanitisha. Ile kruzi, ya kushika mwendo bila kukanyaga mafuta, jana ilijiwasha yenyewe mteremkoni. Nakanyaga breki, gari linavuta. Mtoto nyuma anacheka, mimi jasho. Nikazima injini ndipo likasimama. Fundi kabandua dashibodi yote kutafuta kisanduku kinachoiongoza hiyo kruzi, kakuta mayai ya mende na kitu cheusi kinachonata, sikuuliza ni nini. Kisha ananiambia, "Mama, gari hili halina hicho kisanduku." Wewe hujawahi kutupa kitu, kiko wapi? Na harufu humo ndani ni kama kuna mtu kafia. Naendesha kichwa nje ya dirisha.

Ni mimi binti yako

Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nibusie huyo mwenye meno. Mimi nipo.

Fundi wako akasuke mikeka. Kisanduku nilikihamisha. Pale kilipowekwa kiwandani, chini ya betri, maji yalikuwa yanakiingia. Nikakipaka mafuta ya kondoo maji yasipite, nikakivisha soksi, nikakisukumiza chini ya kiti cha abiria, ndani ya zulia. Chomoa plagi yake, gari litatulia.

Lakini kwangu usije. Mguu unanuka, mama. Jirani kahamisha kiti chake barazani. Sitaki mtoto avute hewa hii. Liuze gari.

Baba yako

Tarehe 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, ila chakula hakijapita kooni tangu juzi.

Mafuta ya kondoo, baba. Kweli grisi ilikosekana? Zulia limeota manyoya ya kijani, nilipoliinua likatoka na utelezi kama kamasi. Panya walilamba mafuta yako yakaisha, wakahamia kwenye mpira wa nyaya, sasa shaba tupu zinagusana. Ndiyo maana gari lilikuwa linajiamulia. Ndani ya soksi vitoto vyao, vyekundu, havina macho, vimelowa mkojo. Mama yao alinirukia mkononi. Nilitapika juu ya kiatu changu mwenyewe, nikafuta mdomo, nikachomoa plagi.

Vile vitoto nilivibeba kwa koleo hadi jalalani, pamoja na soksi yako. Kuviua nilishindwa, nanyonyesha mimi. Mama yao akaja nyuma yangu mbiombio kama ananidai.

Nimejaribu ule mteremko bila mtoto. Nikikanyaga breki, linasimama.

Sasa nisikilize. Mikono hii imesugua uchafu huo kwa sabuni na majivu, na kila asubuhi inafuta mavi ya mjukuu wako, kisha inashika kikombe cha chai. Halafu unaniletea habari za mguu kunuka. Utanuka, nitaziba pua, tutakwenda hospitali. Nakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Usijibu.

Binti yako

Tarehe 15 Aprili

Mwanangu,

Najua umesema nisijibu. Njoo na sabuni nyingi. Dirisha nimelifungua.

Ile soksi ya pili nilikuwa nayo bado. Leo nimeitupa.

Baba yako