Picha Yako ya Sergoit Imelala Upande

Erasto ndugu yangu,

Nianze na lile ambalo hakuna aliyetaka kukuambia: picha yako ya mwisho imepinda. Kilima cha Sergoit kimetokea vizuri, mawingu umeyapata kama ulivyokuwa ukiyatafuta, lakini ardhi yote imeinama kushoto. Ng'ombe wa yule Kaburu mwenye shamba la pale kilimani wakiachiliwa hapo watateleza mpaka Turbo.

Usikasirike. Au kasirika, lakini maliza chai yako kwanza. Sheria ni yako.

Unakumbuka ilivyoanza? Okelo alileta picha ya mto Sosiani, ukamwambia ule mti wa mbele umesimama kama mtu mnene mlangoni mwa kanisa, hakuna anayepita. Okelo akajitetea. Akautetea mti, akautetea mto, akatetea hata jua, mpaka tukatawanyika bila kutazama picha nyingine yoyote. Jumapili iliyofuata, tulipokusanyika tena nyuma ya nyumba yako baada ya kanisa na picha zimebanwa kwenye kamba ya nguo, ulimpa kikombe cha bati kimejaa chai ya moto. Ukasema, "Mwenye picha atanyamaza mpaka kikombe kiishe." Fundi wa nguo anayependa chai kuliko cherehani yake angefanya nini? Aliungua ulimi, akatusikiliza.

Tangu siku hiyo ndivyo tulivyoishi. Na neno "nzuri" ukalipiga marufuku. "Nzuri mwambie mtoto wako akikuchorea kuku," ulisema. Kila mtu alitakiwa aseme jicho lake liliingilia wapi kwenye picha, lilikwama wapi, na kesho mwenye picha afanye nini. Hapo kwenye kesho ulikuwa mkali. Asiyekuwa na kesho ya kumpa mwenzake, ulisema, ametukana tu, akae chini.

Mimi mwenyewe ulinipa kesho yangu. Nilileta picha ya shamba la ngano, nikiwa na hakika kwamba nimemaliza kazi. Uliitazama mpaka chai yangu ikakaribia kwisha. "Yona, umepiga ngano yote na sioni hata suke moja. Rudi, upige magoti." Nilirudi. Nilipiga magoti kwenye matope ya Kimumu, wapita njia wakadhani nimeokoka. Ile ndiyo picha yangu ya kwanza ambayo sikuona haya kuitazama.

Sasa sikia yaliyotupata.

Ulipotutoka, filamu ilikuwa bado ndani ya kamera. Mkeo, Mama Nekesa, aliniletea, kaifunga ndani ya kitambaa kama yai. Nikaiosha kwenye ile stoo yangu ya giza, peke yangu. Sergoit ilipoanza kutokea ndani ya dawa, nili... basi. Wewe unajua.

Nilipowaonyesha wengine, Okelo alisema "nzuri," na hakuna aliyemkemea. Tulikuwa tunalia. Mama Nekesa akaitundika sebuleni.

Kosa lilikuwa hapo, ndugu yangu. Jumapili chache baadaye Kiptoo, yule karani wa kiwanda cha maziwa, akaleta picha ya barabara ya Burnt Forest. Imelala kushoto. Nikadhani ameteleza. Halafu Okelo akaleta stesheni, gari moshi linapanda mbinguni na mabehewa yote. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgonjwa, kwamba huko ndiko Erasto alikokuwa amefika, na mimi macho yangu bado yako nyuma. Mvua zilipokwisha, Uasin Gishu nzima ilikuwa inamwagika. Chai tulikunywa sote kwa pamoja, tukisifiana. Ukigusa mambo ya kupinda, unaambiwa unamsema marehemu.

Ningenyamaza, kusema kweli. Amani ni kitu kizuri, na Okelo ndiye anayenishonea suruali. Lakini Wazungu wa maonyesho ya wakulima, baada ya kuombwa miaka na miaka, wametukubalia ukuta mmoja wa picha zetu za nchi. Uko nyuma ya banda la maziwa, karibu na madume ya ng'ombe, lakini ni ukuta. Wewe ndiwe uliyeuomba. Na wenzetu wakapanga yako iwe katikati, na zao zilizopinda huku na huku.

Akilini niliwaona watu wakipita na kuinamisha vichwa. Niliwasikia wakicheka. Wangetucheka sisi, sawa, sisi tumezoea. Lakini wangekucheka wewe, na wewe huna tena namna ya kumaliza kikombe ukajibu. Hilo nililikataa.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita nilimwomba Mama Nekesa anipe picha yako niitoe ukutani, niibane kwenye kamba pamoja na nyingine. Alinitazama kidogo. Alienda kuweka maji jikoni.

Okelo alipoiona kwenye kamba alisimama. "Yona, huyo ni marehemu."

Nikamjibu kwamba huyo huyo marehemu hakuwahi kujiondoa kwenye sheria yake hata siku moja.

Mama Nekesa akatoka na kikombe chako kile cha bluu kilichobanduka ukingoni, kimejaa, akakiweka juu ya kigoda chako. Akarudi akasimama mlangoni. Mimi nikaanza, sauti yangu ikiwa nyembamba. Nikasema jicho langu limeingilia chini kulia, penye ua wa waya, na ule ua umelishika mkono ukalipeleka mpaka kilimani, jambo ambalo hakuna kati yetu anayeliweza. Halafu nikasema limekwama. Kabla ya kufika mawinguni limeteleza kushoto, likaanguka nje ya picha, kwa sababu ardhi imeinama, na haikuinama kwa makusudi. Nikasema nilifikiria kuikata kwa mkasi ili inyooke, lakini ncha ya kilima ingekwenda nayo.

"Na kesho," nikasema.

Hapo nikaishiwa. Kesho gani, Erasto? Nilisimama mbele ya picha yako mdomo wazi, bila kesho ya kukupa, na kwa sheria yako mwenyewe nilikuwa nimekutukana tu. Okelo alitazama viatu vyake. Chai yako ilikuwa inapoa.

Mama Nekesa akaja akakaa kwenye kigoda chako. Akachukua kikombe, akanywa. Hakuharakisha. Sisi, wanaume wazima, tunasikia mtu akimeza chai. Alipomaliza alikipindua kikombe chini, akauliza, "Sasa mwenye picha anaweza kuongea?"

Nikamwambia anaweza.

"Alikuwa na homa," akasema. "Hiyo stendi ya kamera mguu mmoja umelegea, na yeye alikuwa ameiegemea ndio asianguke. Nikamwambia, Baba Nekesa, hii kitu imeinama. Akaniambia, wacha tu, Jumapili watanisema." Akafuta ukingo wa kikombe kwa kidole. "Shemeji, nimengoja hiyo Jumapili sana."

Kisha Okelo, Okelo yule yule, akakohoa. "Kesho tukaze huo mguu," akasema. "Twende na hiyo stendi pale pale kwenye ua, turudie."

Basi hiyo ndiyo kesho yako. Imechelewa, lakini umeipata.

Picha yako imerudi sebuleni, haitaenda kwenye maonyesho. Kiptoo alipendekeza tuipeleke hivyo hivyo ila tuitundike upande, ardhi inyooke. Tukampa chai.

Okelo amekaza ule mguu kwa uzi wake wa kushonea makoti, hautikisiki. Tumekwisha kwenda Sergoit. Yule Kaburu alitoka kutuuliza tena tunakifanyia nini kilima chake, nami nikamjibu kama ulivyomjibu wewe siku ile, kwamba tutakiacha pale pale. Nilipotazama ndani ya kamera ardhi ilikuwa imetulia, nikabaki nimeinama vile kwa muda, wenzangu wakadhani natafuta mwanga.

Ukuta tutaujaza na zilizonyooka. Zikiwa mbaya, zitakuwa mbaya kwa makosa yetu wenyewe, na tutaambiana. Sitamwambia mtu "nzuri" nyuma ya nyumba yako, na wakinichukia nitatafuta fundi mwingine wa suruali.

Pumzika, Erasto. Siku nitakapokufuata nitakuja na picha yangu ya Sergoit mkononi. Nikute maji yamechemka. Nitakaa chini, ninywe, ninyamaze mpaka kikombe kiishe.

Yona wako