Dumu Jeupe la Kiongoroni

Mtawanya, 4 Julai 1994

Dada Salama,

Shikamoo. Mimi huku mzima, ni mafua tu ya vumbi la salfa. Mama hajambo? Magoti yake je? Mwambie kuwa mwanawe anakula na kushiba, aache kumhoji kila anayeshuka botini.

Kazi ya mikorosho imepamba moto. Nimekabidhiwa mashine ya kupulizia, ile ya mota. Naibeba mgongoni, inanguruma, hata nikiizima bado naisikia masikioni. Alfajiri tunapuliza salfa, na wakitokea mbu wa mikorosho tunatia dawa ya maji. Siku hizi hakuna kungoja ushirika wala bwana shamba. Dawa imejaa madukani, kila mtu anauza na kila mtu anapuliza anavyojua. Tajiri wangu, Mzee Abbasi, anasema mashine hii inafanya kazi ya kijiji kizima, na mbebaji wake ndio mimi. Usinicheke.

Nimempa Mohamedi wa boti dumu jeupe, kubwa. Lilikuwa la dawa, tajiri alitaka kulitupa. Nimelisugua kwa mchanga, jivu na sabuni mpaka vidole vikachubuka. Mama asihangaike tena na mitungi inayopasukia mtumbwini. Maji yake ya kunywa yakae humo.

Mdogo wako,
Mudathiri

Kiongoroni, 19 Julai 1994

Mdogo wangu Mudathiri,

Marahaba. Tu wazima, na shida yetu ni ile ile ya maji. Bahari imepanda, visima vimekuwa chumvi tupu, tunapiga kafi hadi juu mtoni kufuata maji matamu.

Dumu limefika. Ungemwona mama! Kalizungusha kijiji kizima kabla halijatiwa hata tone. Kila apitaye anaambiwa, "Kanitumia Mudathiri hilo." Jirani yetu Biasha kaomba kuliazima, kanyimwa mbele za watu mpaka mimi nikaona haya. Sasa mama maji ya mtungini hayagusi. Nimemwambia haya ya dumuni yana kijiharufu, akanijibu kwamba kitu cha dukani lazima kinukie dukani. Basi tumecheka.

Umemfurahisha sana mama, ndugu yangu. Mungu akupe.

Dada yako,
Salama

Kiongoroni, 8 Agosti 1994

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Wewe u mzima? Sisi huku si wazima.

Mama anaumwa. Jasho linamtiririka hata kwenye upepo, mate yanamtoka, tumbo linamsokota, na mikono inatetemeka hata kijiko hakishiki. Tulidhani malaria, tukampa vidonge, wapi. Mwalimu Tamimu amemwandikia kombe. Anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, tunaziosha kwa maji, mama anayanywa asubuhi na jioni. Mama mwenyewe ametaka maji hayo yatoke kwenye dumu lako, ili dua iwe na mkono wa mwanawe. Akishakunywa uso unamkunjuka, halafu hali inarudi pale pale, na jana imezidi.

Mikorosho haikimbii. Njoo umwone.

Dada yako,
Salama

Mtawanya, 15 Agosti 1994

Dada,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukatisha salamu. Mwaga maji ya lile dumu. Yamwage sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Mama asinywe tena hata funda moja, na kombe lisioshwe kwa maji hayo.

Leo bwana shamba alikuja kutufundisha. Amesema dumu la dawa halifai maji hata ukilisugua mwaka mzima, maana plastiki inainywa dawa na kuitema kidogo kidogo. Litobolewe na kufukiwa. Kisha akataja dalili za mtu aliyekunywa sumu ile: jasho, mate, kutetemeka. Dada, alikuwa anamtaja mama, na barua yako ilikuwa mfukoni mwangu.

Nakwenda kwanza hospitali Kibiti kuuliza tiba, kisha nashuka Nyamisati kupanda boti. Mwambie mama nakuja.

Mdogo wako,
Mudathiri

Kiongoroni, 18 Agosti 1994

Mdogo wangu Mudathiri,

Pole. Nampa Mohamedi barua hii akukabidhi Nyamisati kabla hujapanda, usije ukashuka huku unapiga hodi kwa mama.

Mama hatunaye. Tulimzika jana alasiri. Barua yako imefika leo, watu wamekaa mkekani, wakataka niwasomee. Nikasema umesalimu na uko njiani.

Nina hasira nawe, sikufichi. Na ninakuonea huruma mpaka nashindwa kumeza chakula. Nilitaka nikae kimya, watu waendelee kusema mama kafa kwa homa, wewe ubaki yule mwana aliyemkumbuka mamake. Lakini jana baada ya mazishi nilimpa Biasha dumu lile, kwa kuwa alilitamani siku nyingi, naye ana mtoto mchanga. Ikanibidi leo niende kwake na panga. Nimelitoboa mbele ya watu, wakaniuliza kama nimepata wazimu, nikawaeleza yote. Biasha alimnyakua mwanawe akawa anamnusa mdomo.

Mtoto hajambo mpaka sasa. Wewe uje. Kila mtu anajua, hutalazimika kumweleza yeyote.

Kuna jambo sitaweza kulitamka nikikuona, ndiyo maana naliandika. Mama alipokuwa anakata roho aliomba maji. Nilimnywesha mimi. Akauliza, "Ya Mudathiri?" Nikamwambia ndiyo, akatabasamu.

Dada yako,
Salama