Asumini ya Uani kwa Mama

Jumanne, 9 Agosti 1983
Asumini yangu inaumwa. Nimegeuza majani — huko chini wadudu weupe, kama vipande vya pamba, wameganda kwenye vikonyo. Wananata! Siku kumi tu na harusi ya binti yangu Ansoifa. Koja lake litoke mti huu, si mwingine. Tawi lake nililivunja uani kwa mama, Mahajanga, Desemba ile ya fujo ya 1976, sisi wageni tulipowindwa tukakimbia. Sufuria zote niliacha. Tawi nikalifunga leso mbichi, nikaja kulipanda hapa Dzamandzar. Mama hayupo tena. Mti upo.

Alhamisi, 11 Agosti
Jirani yangu Sittou anasema niombe kiwanda cha sukari dawa ya wadudu wa miwa. Sumu shingoni mwa bibi harusi? Hata! Nikaenda kwa fundi Boinali, aliyewasomesha wanangu Kurani. Nikaomba kombe la mgonjwa. Mgonjwa nani, sikusema. Akaandika aya sahanini kwa zafarani, akaziosha kwa maji. Nyumbani nikatia sukari — mkono una mazoea, wanangu hawakunywa kombe bila sukari. Nikaunywesha mti, jani kwa jani. Nikakaa chini yake. Nikamwona mama kama ndotoni, anafagia ua wake wa Mahajanga, kanga imemteleza begani.

Jumamosi, 13 Agosti
Sisimizi! Mstari toka mlangoni hadi kileleni mwa mti. Na wadudu weupe wamenenepa. Sittou alicheka hadi akakaa chini: mama Ansoifa, umewafanyia karamu, bwana harusi mwenyewe hajala! Fundi naye akaja. Akatazama, akagusa jani, akalamba kidole. Halafu — aya hazina kosa, mama, kosa ni la sukari. Kaoshe kwa sabuni.
Niliona haya, nikacheka.

Jumatatu, 15 Agosti
Sabuni na kitambaa tangu alfajiri. Jani. Jani. Harufu ya miwa inayopikwa kiwandani, tamu, inalegeza macho. Nikawa niko Mahajanga, kisha hapa, kisha kule. Matawi mabovu nimeyakata, maua mabichi yakaanguka nayo. Limebaki tawi moja safi.

Alhamisi, 18 Agosti
Kesho ndoa. Nimeshika kisu nichume. Ansoifa akaniita dirishani, uso wa njano kwa msandali aliopakwa — mwari hatoki nje. Mama, usichume maua ya koja. Likate tawi zima, nikalipande. Mchumba wangu Hassane kapata nyumba Amborovy, kule kule Mahajanga, ua ni mchanga mtupu. Nitavaa maua ya sokoni.
Nikamfokea. Ya sokoni! Nikageuka asinione machozi. Mahajanga — tawi lirudi kwao.
Nikaliinamisha nilikate. Kwenye kikonyo cha juu kuna kitu cheupe, kidogo. Ua linafunguka? Au mdudu? Kama ni mdudu haliendi popote, si shingoni si Amborovy. Macho yangu hayaoni karibu. Nimeketi, naandika, kisu mapajani, nangoja jua lisogee limulike tawi.
Ansoifa anauliza tena dirishani: ni ua, Mama?
Nanyoosha kidole: kikinata, ni mdudu —