Uji Niliokuwa Nikiutafsiri

Kwa kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko kambini, na zikukute mzima, vumbi la saruji halijakumaliza kifua. Sisi hapa nyumbani tunaendelea. Baba hajambo, na cherehani yake haijambo, ingawa siku hizi inalia kama kuku kila akiikanyaga. Mama hajambo. Mwanao ndiye hajambo kabisa: anacheka na watu, na ameanza kuvuta masikio ya kila anayembeba. Wifi nitakueleza. Begi lake liko nyuma ya mlango, limefungwa zipu, na hilo ndilo linaloniandikisha barua hii.

Naandika nimesimama, kwenye meza ya Baba ya kukatia vitambaa, maana dereva wa lori linalowaletea saruji amesema akimaliza kupakia hamsubiri mtu. Hata angesubiri, nisingekaa. Tangu juzi nikikaa nainuka, nikiinuka nasahau nilikuwa naenda wapi. Mama ameniuliza kama nina upele.

Nianze na uji, kwa sababu mambo yote yameanzia hapo. Unaijua nyumba yetu, watu kiduchu lakini hakuna wawili wanaokunywa uji wa namna moja. Baba anataka wake upoe mpaka ushike utando juu, auvue kwa kijiko aule kwanza, kisha anywe uliobaki huku anashona. Mimi napenda wenye madonge, nayasaka chini ya kikombe kama mtu aliyeangusha pete. Wewe ulikuwa unaumiminia sukari hadi Baba anauliza kama ni uji au sharubati. Mama anatuona sote tumepotea. Kwake uji ni ule wa ulezi, unga uliolowekwa ukachachuka, ukapikwa kwa moto mdogo, ukatiwa samli na pilipili manga, na haujaiva mpaka mwiko usimame wenyewe katikati ya sufuria. Na mwanamke aliyetoka kujifungua, anasema Mama, hana dawa nyingine chini ya jua.

Sasa kumbuka ulivyoondoka. Ulimleta mkeo ajifungulie kwetu, yeye hajui neno la lugha yetu, Mama na Baba hawajui neno la lugha yake, na kwa kuwa mimi ndiye ninayesomeshwa lugha hiyo shuleni, ukasema mbele ya watu wote kwamba Bubu sasa ndiye mdomo wa nyumba. Mlicheka. Mimi sikucheka, kaka. Unajua mwalimu akiita majina mimi naitikia kwa kuinua mkono.

Asubuhi ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa, Mama aliingia na bakuli linafuka moshi. Wifi alionja, machozi yakamlenga, akaniambia kwa upole nimshukuru sana mama, ila nimweleze kwamba kwao uji huwa mwepesi, umechujwa, una chumvi kidogo na ndimu, na huu hauwezi kushuka kooni. Nikageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake mibichi, ananitazama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Nikasema, “Anasema ahsante, mtamu sana.” Yalikuwa maneno mafupi, na mimi maneno mafupi ndiyo ninayoyaweza.

Mama aliporudi jikoni aliimba. Kesho yake akaupika mzito zaidi.

Umeanza kuona ilivyokwenda? Kila wifi alipoomba upunguzwe, mimi nilisema ameupenda, na Mama aliposikia umependwa aliongeza unga, samli, pilipili. Wifi akaniuliza mama mkwe wake ana kinyongo gani naye, mbona anamkomoa? Hilo nalo sikulifikisha. Nikamwambia tu kwamba Mama anasema apumzike. Siku ambayo Mama alisema huyu mwanamke mbona kazi yake kulala kama paka wa bucha, nilimwambia wifi kwamba Mama anasifia ngozi yake. Wifi aliitazama mikono yake, akakunja uso. Hakuniamini, lakini angemuuliza nani mwingine?

Na bakuli lilitakiwa lirudi jikoni tupu. Kwa hiyo nililinywa mimi. Nilijifungia chumbani kwa wifi, yeye ananyonyesha, mimi nakunywa, hatusemeshani, na pilipili inanitoa kamasi. Shuleni sketi ikakataa kufunga. Nikampelekea Baba, akaiachia mshono bila kuuliza. Nikairudisha tena. Safari hiyo alinitazama juu ya miwani, akasema katika nyumba hii mmoja anazaa na mwingine ananenepa, kisha akaendelea kukanyaga cherehani.

Wiki hii wifi aliniita, akafunga mlango. Begi lilikuwa limeshafungwa. Akasema nimwambie mama kwamba kesho yake anarudi kwao na mtoto, hana ugomvi na mtu, ila nyumba ambayo akiomba kitu anapewa kinyume chake hawezi kukaa. Alisema polepole ili nisikose neno, na sikukosa hata moja. Nilitoka nayo kichwani yote. Jikoni nilimkuta Mama anachekecha unga, akainua uso na kuuliza wifi yangu anasemaje leo. Mdomo wangu ukafunguka ukasema, anaomba umfundishe kupika uji wako.

Sijawahi kumwona Mama vile. Alikaa chini. Alifuta macho kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na unga, akasema kumbe. Akasema nilidhani ananidharau, kumbe anaona haya.

Juzi asubuhi akamwita jikoni. Wifi alikuja akidhani anaitwa kuagwa, amevaa viatu na mtoto yuko mgongoni. Mama akamfunga kitambaa chake mwenyewe kiunoni, akamkabidhi mwiko. Wifi alikoroga kidogo, halafu mkono ukasimama, akaanza kulia. Mama akaniuliza analia nini. Wifi akaniuliza ina maana hata siku ya kuondoka lazima niteseke na uji huu. Wote wawili wakanitazama.

Kaka, nilisema. Sijui nilianzia wapi. Nilisema yote ya tangu asubuhi ya kwanza, haraka, hadi lugha zikanichanganyikia, nikawa namweleza Mama kwa lugha ya wifi na wifi kwa lugha ya Mama, ikabidi nirudie kila kitu upya, mara ya pili ikaniuma zaidi. Uji ukafurika ukazima mkaa. Hakuna aliyeuangalia.

Mama aliuliza jambo moja tu. Kwa hiyo uji wote ule alikuwa anakunywa nani?

Nikasema mimi. Kutoka chumba cha mbele Baba akasema kwa sauti, bila kuacha kushona, kwamba yeye alijua tangu mshono wa kwanza.

Nilitegemea kofi. Mama akamimina sufuria, akaisugua, akaisukuma mbele ya wifi na kuniambia nimwambie apike wa kwao. Wifi akapika mwepesi, akauchuja, akakamua ndimu. Mama akaonja, akauzungusha mdomoni, akasema nimwambie haya ni maji yaliyopita karibu na unga. Akanikazia macho: hivyo hivyo. Nikasema hivyo hivyo. Wifi akakausha uso, akajibu kwamba wa Mama ni wa kukandikia kuta. Nikalifikisha hilo nalo, nikafumba macho. Mama akasema nimwambie ukuta uliokandikwa kwa uji huo ndio aliokubali kuolewa nao.

Wifi alicheka mpaka akamwamsha mtoto. Wakacheka wote wawili, wananielekeza vidole mimi. Sasa sufuria ni mbili jikoni, na jana nimewakuta wanabishana juu ya chumvi kwa vidole na nyusi tu, hawakuniita.

Usifikiri basi yameisha. Hapa ndipo mkono unapokuwa mzito. Barua zangu zilizotangulia zichane. Nilipokuandikia kwamba wifi amenawiri, kwamba wanashinda wakipiga soga na Mama, kwamba usiwe na haraka, nilikuwa nafanya kwako kilekile nilichofanya jikoni. Yeye, kwa kuwa hajui kuandika, alikuwa akiniambia mimi nikuandikie uje. Kila barua aliniambia. Nawe ukajibu kwamba kwa kuwa wote wanaishi vizuri hivyo, umeongeza mkataba. Majibu yako nilimsomea mwenyewe, na hapo nilitafsiri sawasawa. Nisamehe, au usinisamehe, ila uje.

Amekubali kusubiri lori hili lirudi, si zaidi. Likirudi bila wewe, dereva amemwahidi kiti cha mbele mpaka kwao, na ameshamuuliza kama mtoto analipiwa.

Nafunga kwa salamu. Nimezunguka nyumba nzima na karatasi mkononi, kila mtu aseme zake, nami nimeziandika zilivyotoka.

Baba anakusalimu. Anasema sketi yangu haina tena kitambaa cha kuachia, kwa hiyo usichelewe.

Mama anakusalimu. Anasema uje umchukue mkeo kabla hajamzoea. Kisha akasema nifute, kisha akasema niache.

Mkeo anakusalimu. Anasema mama yako sasa anamwelewa, hata nikiwa shuleni. Wewe ndiye asiyekuelewa. Anasema begi bado liko nyuma ya mlango, ama utakuja kulibeba wewe, ama atalibeba mwenyewe.

Dereva anapiga honi. Hapo juu sijaongeza neno wala sijapunguza.

Ni mimi dada yako,
Bubu